MASHINE BILA FUNDI NI SANDUKU



Katika mkutano wa tawi uliopita liliulizwa jambo moja, nalo halikupata jibu, kwa maana saa zilikwisha na wenzetu wa zamu ya usiku walikuwa wakingojewa kazini. Zahanati moja ya hapa Mwihoko, ambayo wengi wetu hupeleka watoto wao, yataka kununua mashine ya kupima damu inayojiendesha yenyewe. Sisi wafanyakazi wa reli tumeombwa tuchange.

Wengine walisema tuchange mara moja, maana ugonjwa haungoji. Wengine wakasema tusitoe hata senti moja, kwa sababu yule kijana wa kike anayepima damu pale amekwisha kuambiwa kwamba mashine ikija hatatakiwa tena, naye ni binti wa mwenzetu wa gengi ya njia. Pande zote mbili zilisema kwa uchungu, na watu wakatoka bila kuagana vizuri. Haifai hivyo. Chama kikigawanyika kwa ajili ya mashine ambayo bado haijafika, itakuwaje siku itakapofika?

Basi tumeonelea tusitoe jibu la haraka. Tumeuliza watu wanaofanya kazi katika maabara, tumesoma, tumepima maneno ya pande zote mbili. Leo twawaletea tuliyoyapata, na mwisho twatoa shauri letu.

MASHINE HIZI HUFANYA NINI

Mtu akitoa damu yake au makohozi, kazi nyingi hufanyika kabla ya jibu kupatikana. Jina huandikwa, tone hupimwa, hutiwa dawa, huzungushwa, hupashwa moto, hutazamwa kwa darubini, na hesabu huandikwa. Zamani kazi hizo zote zilifanywa kwa mikono na macho ya mtu. Kuhesabu chembe za damu, mpimaji aliweka tone juu ya kioo chenye mistari na kuzihesabu moja moja mpaka macho yamtoke machozi.

Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Wallace Coulter, alipewa haki ya uvumbuzi wake wa kuhesabu chembe hizo kwa umeme. Chembe hupita moja moja katika tundu dogo sana, na kila inapopita, umeme hubadilika kidogo, na mashine huhesabu. Mashine nyingi za kuhesabu damu mpaka leo hutumia njia hiyo. Mwaka 1957 ikaanza kuuzwa mashine nyingine, AutoAnalyzer, iliyobuniwa na Leonard Skeggs wa mji wa Cleveland. Hiyo ilipitisha damu ya wagonjwa wengi katika mpira mmoja mwembamba, kimoja nyuma ya kingine, na kati yao povu la hewa ili zisichanganyike. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Kochi katika nchi ya Japani, Daktari Masahide Sasaki alitandika mikanda maabarani, ikachukua chupa za damu kutoka mashine moja hadi nyingine, na maroboti yakazipokea.

Sisi watu wa reli tukisikia hayo hatuhitaji mkalimani. Chupa ni behewa. Mkanda ni njia. Ile karatasi yenye mistari meusi iliyobandikwa chupani ni namba ya behewa. Mkono wa roboti ni winchi. Penye njia panda pana pointi, ya kupeleka hii kushoto na ile kulia. Na kama ilivyo kwetu, namba ikiandikwa vibaya stesheni ya kwanza, behewa litakwenda salama salimini mpaka mahali pasipo pake, wala mashine haitajua.

Mashine za namna hii ziko Kenya tangu siku nyingi. Maabara kubwa chache, za Nairobi, Kisumu, Alupe, Eldoret, Kericho na Mombasa, zimekuwa zikipokea damu kutoka hospitali za mbali na kupima wingi wa virusi vya UKIMWI. Kazi hiyo isingewezekana kwa mikono mitupu. Tarehe 13 Machi 2020 ilipotangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa Korona amepatikana nchini, mashine za aina hiyo hiyo zikapewa kazi ya pili. Moja yazo, iitwayo Cobas 8800, ya kampuni ya Roche ya Uswisi, ina uwezo wa kutoa majibu 1,056 kwa zamu moja ya saa nane. Hesabuni wenyewe ni watu wangapi wangeinama mezani kwa kazi hiyo.

HATUPINGI MASHINE

Twataka jambo hili lieleweke kabla ya mengine. Mtu anayesema kwamba kazi ya zamani ilikuwa njema kwa kuwa ilifanywa kwa mkono, huyo hakuifanya.

Wapimaji wa zamani walivuta damu na dawa kwa kinywa, kwa mrija wa kioo, kama mtu anyonyaye soda. Wengine waliugua magonjwa yale yale waliyokuwa wakiyapima. Siku hizi kuvuta kwa kinywa kumekatazwa, lakini anayebonyeza pipeti kwa kidole gumba mara mamia kwa siku, miaka kumi, kidole na mkono humuuma kama bega la mtu wa gengi. Na anayetafuta vijidudu vya kifua kikuu kwa darubini haifai apime vioo zaidi ya 25 kwa siku, maana macho huchoka, na jicho lililochoka humwambia mgonjwa kwamba ni mzima.

Kwa hiyo mashine ikiondoa sumu kinywani, maumivu kidoleni na uchovu machoni, hiyo ni rafiki ya mfanyakazi. Sisi wenyewe hatulilii kupakia makaa kwa sepetu.

Kisha iko faida ya mgonjwa. Mwezi wa Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani liliikubali mashine iitwayo GeneXpert. Makohozi hutiwa katika kikopo chenye dawa ndani yake, kikopo hutiwa katika mlango wa mashine, na kabla ya saa mbili kupita hujulikana kama mtu ana kifua kikuu, na tena kama ugonjwa wake unakataa dawa ile kubwa ya rifampicin. Kwa njia ya zamani ya kuotesha vijidudu, jibu la namna hiyo lilichukua majuma. Sisi tunaolala wengi katika chumba kimoja, na kupanda mabehewa yaliyojaa asubuhi na jioni, twajua maana ya majuma kadha ya mtu kukohoa bila kutibiwa.

SHIDA IKO WAPI

Sasa tusikilizane. Mwaka jana mwenzetu mmoja wa karakana alikohoa miezi miwili. Alikwenda katika hospitali moja, hatuitaji jina, akaambiwa: bahati yako, mashine tunayo. Ilikuwapo kweli, mezani, imefunikwa kitambaa safi. Ilikuwa na milango minne, na yote minne ilikuwa imekufa. Makohozi yake yakatumwa kwa pikipiki hospitali nyingine. Jibu lilirudi siku ya ishirini na tatu, na siku hizo zote alikuwa akifanya kazi, kwa maana hana cheti cha kupumzika, na akilala na watoto wake. Jibu lilisema ana kifua kikuu. Mtoto wake wa pili alipopimwa, naye akaonekana anao. Wote wawili wametibiwa na twamshukuru Mungu. Lakini yule mtoto hakuambukizwa kwa kukosa mashine. Mashine ilikuwapo.

Tuliuliza kwa nini milango minne yote ikafa. Tukaambiwa mambo ya kawaida kabisa. Mashine hiyo yataka chumba kisichozidi joto la nyuzi 30. Yataka vumbi lipanguswe katika vichujio vyake. Yataka umeme usiokatika katikati ya kazi. Kila mwaka yataka kupimwa kama bado inasema kweli. Chumba kile kilikuwa chini ya mabati. Barabara ya mbele ni ya vumbi. Umeme tunaujua. Na aliyefundishwa kuitunza alihamishwa, asifundishwe mwingine. Fundi wa kampuni aliitwa, lakini muda wa mkataba wa matengenezo ulikuwa umekwisha, na hapakuwa na fungu la fedha la kuandika mpya.

Hayo hayakutokea mahali pamoja tu. Mwaka 2015 Serikali ilikodi mashine za hospitali kwa kaunti zote 47, za upasuaji, za picha, za kusafisha figo na nyinginezo. Seneti iliunda kamati kuchunguza, na ripoti yake ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba ziko mashine zilizokaa bila kazi kwa kuwa hospitali hazikuwa na umeme wa kutosha, au maji, au nyumba, au watu wa kuzitumia. Kodi ililipwa hata hivyo. Ni kama kununua injini kabla ya kutandika reli.

DAWA ZA MASHINE

Jambo la pili ni dawa za kupimia. Mashine nyingi hizi hukubali dawa za kampuni moja tu, yaani yule yule aliyeiuza mashine. Ni kama kununua taa isiyowaka ila kwa mafuta ya duka moja. Wakati mwingine taa hutolewa bure kabisa, na watu hupiga makofi. Mwenye duka anajua kwa nini ameitoa bure.

Kikopo kimoja cha GeneXpert, kwa nchi kama yetu, bei yake ilipunguzwa mwaka 2012 ikawa dola 9.98, baada ya wafadhili kutoa fedha. Ikakaa hapo miaka kumi na moja. Madaktari Wasio na Mipaka na wengine wakapiga hesabu, wakasema yaweza kuuzwa kwa dola 5 na bado faida ikapatikana. Wakapiga kelele miaka mingi. Mwezi wa Septemba 2023 kampuni ikashuka hadi dola 7.97. Ndugu, angalieni vizuri: bei haikushuka kwa huruma. Ilishuka kwa sababu watu walisema kwa sauti moja bila kuchoka. Sisi wa vyama vya wafanyakazi twaijua njia hiyo.

Na mwaka 2020, wakati wa Korona, nchi zote zilipotaka dawa zile zile kwa siku zile zile, wenye fedha nyingi walihudumiwa kwanza. Kenya ilipungukiwa dawa za kupimia mara kwa mara. Mashine yenye uwezo wa majibu 1,056 kwa zamu, ikikosa dawa, majibu yake ni sifuri. Tena mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wafanyakazi wengi wa afya nchini, na wapimaji wakiwamo, waliambiwa wakae nyumbani. Hatumtukani aliyetusaidia. Twasema tu kwamba kazi inayosimama juu ya mfuko wa mtu mwingine huanguka siku anapofunga mfuko wake.

NA MFANYAKAZI JE?

Jambo la tatu ni lile la binti wa mwenzetu. Wazee wetu husimulia habari za zile injini kubwa za mvuke za daraja la 59. Zilikuwa 34, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956, na mpaka leo ziko mbili katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Kila moja ilihitaji dereva na mtu wa moto, na huko njiani watu wa maji, na karakanani jeshi zima la mafundi. Ilipofika mwaka 1980 zote zilikuwa zimeondolewa, na dizeli imeshika njia.

Dizeli ilikuwa bora kwa mambo mengi, na wazee hawakatai. Lakini wanasema hivi: mtu wa moto aliyefundishwa mapema alipanda akawa dereva wa dizeli na kusomesha watoto. Mtu wa moto ambaye hakufundishwa, naye alikuwa na akili ile ile na miaka ile ile ya kazi, alipewa barua. Injini ilikuwa moja kwa wote wawili. Kilichowatenganisha ni uamuzi wa mtu aliyeketi ofisini, na nguvu ya chama kilichosimama mbele ya mlango wa ofisi hiyo.

Basi si kweli kwamba mashine itamfukuza binti yule. Mashine haina kalamu. Atakayemfukuza ni yule anayeinunua kwa shabaha ya kuokoa mshahara mmoja. Naye atakuwa amekosea hata kwa hesabu yake mwenyewe. Nani atakayetazama kama damu imeganda chupani kabla ya kutiwa? Nani atakayejua kwamba hesabu iliyotoka haiwezi kuwa ya mtu aliye hai, na kurudia kipimo? Nani atakayepangusa vumbi, kuandika joto la chumba asubuhi na jioni, kupima mashine kwa damu inayojulikana, na kumpigia fundi simu kabla mlango wa kwanza haujafa? Tukiwa na mtu anayeijua kazi, mashine humwongezea mikono. Akiondoka, itafunikwa kitambaa safi.

Na hatuna haja ya kutafuta watu hao ng'ambo. Chuo cha KMTC kiko Thika. Chuo Kikuu cha JKUAT kiko Juja. Vijana wetu husoma hapo kazi ya maabara, na wengine husoma ufundi wa mitambo na umeme. Wengi humaliza masomo na kukaa nyumbani, huku mashine ikingoja fundi atoke mbali. Jambo hilo linatuchoma. Tunao ugonjwa, tunayo mashine, tunao vijana waliosoma, na hakuna aliyeviunganisha vitatu hivyo kama afungavyo mtu kopling.

SHAURI LETU

Kwa hayo yote, sisi twaonelea kwamba wanachama wachange. Lakini fedha zisitoke katika mkono wa mweka hazina mpaka zahanati ikubali mambo haya kwa maandishi:

Kwanza, mpimaji aliyepo abaki kazini kwa mshahara usiopungua wa sasa, naye afundishwe mashine hiyo kabla haijaanza kazi. Awe pia mwingine wa pili atakayefundishwa, ili mmoja akiugua au akihama kazi isife.

Pili, mkataba wa matengenezo wa miaka isiyopungua mitano ununuliwe pamoja na mashine, uonyeshe fundi atafika baada ya siku ngapi, na spea ziko mji gani. Neno kwamba ataletwa likipatikana nafasi tusilikubali. Tulikwisha kulisikia.

Tatu, kabla ya kuchagua mashine tuonyeshwe bei ya dawa zake kwa mwaka mzima, si bei ya mashine peke yake. Kama iko mashine inayokubali dawa za wauzaji zaidi ya mmoja, hiyo itangulie, hata ikiwa sura yake si nzuri.

Nne, chumba kitayarishwe kwanza: dari chini ya mabati, betri ya kushika umeme unapokatika, na madirisha ya kuzuia vumbi. Katika jambo hili twaweza kutoa zaidi ya fedha. Tunao waashi, maseremala na mafundi wa umeme miongoni mwetu. Jumamosi mbili zatosha.

Tano, darubini ya zamani isiuzwe wala isitupwe. Siku mashine itakapolala, mgonjwa hatalala naye. Hata sisi, ishara ya umeme ikifa, twatoa bendera.

Wenye zahanati wakiyakubali hayo, tutajua kwamba wanataka kupima watu. Wakiyakataa, tutajua kwamba walitaka mashine ya kuonyeshwa wageni, na fedha zetu zitakaa salama mahali zilipo.

Kwa wale waliosema tusitoe hata senti, twasema: uchungu wenu ulikuwa wa haki, lakini kukataa mashine hakutamlinda binti yule. Mwaka ujao italetwa na mwingine bila sharti lolote, naye ataondoka kimya. Kwa wale waliosema tutoe mara moja, twasema: haraka yenu ilitoka katika huruma, lakini mkumbukeni mwenzetu wa karakana na siku zake ishirini na tatu.

Kwa wapimaji wa maabara wa Ruiru na Thika wanaosoma karatasi hii kwa kuazimwa, twasema: ingieni katika chama chenu mapema, kabla mashine hazijafika mlangoni. Masharti huandikwa wakati wa kununua. Baada ya hapo ni kuomba tu.

Na kwa kila mwanachama: kikohozi kikipita majuma mawili, nenda ukapimwe. Usingoje mashine ya Mwihoko, wala usione haya. Mweleze na katibu wa tawi, ili tukusaidie kudai siku za kupumzika.

Masharti haya matano yatasomwa katika mkutano wa tawi ujao, na kila mmoja atapata nafasi ya kuyapinga au kuyaongeza. Wa zamu ya usiku wataitwa kwanza kusema, ili wasiondoke tena kabla ya kura. Njooni wote, na safari hii tuagane vizuri.

Umoja ni nguvu.